Bara Lililokataa Kuzama

Ushizu, 14 Aprili 1972

Mwanangu Tomoe,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tokyo, na kwamba unakula chakula cha kupikwa. Sisi hatujambo. Theluji imekwisha, maua ya cheri yalichanua juzi na mvua ikayaangusha jana, kwa hiyo mwaka huu hatukupata nafasi ya kuyachoka. Mama yako mdogo Fumi goti linamsumbua, lakini ukimwambia akae chini anasema waliokaa chini wote wako makaburini. Kaburi la marehemu kaka, baba yako, tumelisafisha na kuliwekea maua. Nilimweleza kwamba binti yake sasa anasoma mambo ya ndani ya bahari. Hakupinga.

Nina habari. Baraza la mji limekubali kusimamisha jiwe la ukumbusho pale bandarini, na maneno yatakayochongwa ni yangu: "Hapa palikuwa nchi kavu. Bara likazama, bahari ikazaliwa." Uzinduzi ni tarehe ishirini Julai mwaka ujao, Siku ya Bahari. Miaka thelathini na moja nimewafundisha watoto wa mji huu kwamba Bahari ya Japani ni bara lililozama. Sasa hata wale waliokuwa wakisinzia darasani watalisoma wakienda kununua samaki.

Kwa hiyo nina ombi. Nimesikia meli ya chuo chenu itafanya utafiti bahari hiyohiyo mwezi wa nane. Niletee kipande cha graniti kutoka sakafuni mwa bahari, tukiweke kwenye sanduku la kioo kando ya jiwe. Bara limejengwa kwa graniti. Kama bara lilizama, graniti iko chini. Ni kama kutafuta mwiba kwenye supu ya samaki.

Nasikia pia kuna vijana huko wanaosema ardhi imekatika mabamba na mabamba yanatembea. Mimi nimekaa juu ya ardhi hii miaka hamsini na tisa, haijawahi kunipeleka hata stesheni. Najua wewe huna wakati wa mambo hayo.

Nimeambatanisha picha ya Bwana Tsubokawa, naibu mkuu wa kiwanda cha keki za samaki. Ni mtu mtulivu. Ana meno yake yote.

Ni mimi baba yako mdogo,
Kuze Ryozo
Mwenyekiti, Chama cha Jiolojia cha Ushizu


Tokyo, 3 Juni 1972

Baba mdogo,

Shikamoo, na mama mdogo pia. Nisamehe kwa kuchelewa. Mimi ni mzima na ninakula, ingawa unachokiita chakula na ninachokiita chakula tungeweza kuvibishania. Mwambie mama mdogo ale ngisi wa majira haya kwa niaba yangu, maana wa hapa Tokyo wanafika wamechoka kuliko abiria. Hongera kwa jiwe.

Kilichonichelewesha ni meli. Profesa Wakatsuki alikubali niende, kwa kuwa mimi peke yangu ndiye ninayejua kusoma vipimo vya joto la sakafu, na miaka minne nimekuwa nikivisoma huku nikimchemshia chai. Nahodha ndiye aliyekataa. Aliniita ofisini kwake.

"Dada," akasema, "kwenye meli hii hakuna choo cha wanawake."

Nikamwambia, "Nahodha, mimi nimekulia nyumba yenye choo kimoja. Tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa mwalimu anayesomea magazeti humo. Hakuna aliyekufa."

Akafikiri, akasema basi tatizo ni fomu. Fomu ya meli ina nafasi ya watafiti wanaume kumi, na wanawake hawamo kabisa. Walikaa vikao vitatu. Mwishowe nimeandikishwa kama msaidizi wa mpishi, kwa sababu sheria ya jikoni haikutaja jinsia. Profesa amesema nisijali, ni jambo la makaratasi tu. Nimemuuliza kama yeye angekubali kuandikwa hivyo. Akasema chai imepoa.

Jiwe nitakuletea, baba mdogo. Litakalopanda ndilo nitakaloleta.

Picha ya Bwana Tsubokawa imefika salama. Fremu ni nzuri.

Mwanao,
Tomoe


Ushizu, 21 Juni 1972

Mwanangu Tomoe,

Mvua za Juni zimeanza, na ukungu umeota hadi kwenye kofia yangu. Mama yako mdogo anakusalimu. Ameuliza mara mbili kuhusu Bwana Tsubokawa, nami nimemjibu kwamba umesifu fremu. Alicheka, sijui kwa nini.

Nilikuomba graniti, wewe unaniahidi "litakalopanda". Aliyesahihisha mitihani miaka thelathini na moja anamjua mwanafunzi anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Sitauliza zaidi.

Chama chetu kilikutana Jumapili, wanachama wote saba. Tulijadili suala la mabara kutembea na kulipigia kura. Watano walipinga kwamba yanatembea. Mmoja aliunga mkono, lakini ilibainika alidhani tunapigia kura chai iongezwe. Mzee Hamaguchi alikuwa amelala, ila alikuwa akitikisa kichwa kwa namna ya kukubaliana nasi, tukamhesabu. Kwa hiyo, kwa azimio la tarehe kumi na nane Juni, mabara hayatembei. Nakala tumeipeleka kwa mkuu wa mji.

Safari njema. Usisimame karibu na kamba.

Baba yako mdogo,
Ryozo


Hakodate, 12 Septemba 1972

Baba mdogo,

Tumetia nanga jana baada ya wiki tano. Sijambo. Nimekuwa mweusi kwa jua na mikono yangu ni ya mvuvi. Natumaini goti la mama mdogo limepoa na joto la Agosti halikuwachosha.

Nikueleze ilivyokuwa, maana najua utataka kujua kila kitu. Asubuhi nilimenya viazi ili fomu isije ikawa ya uongo, kisha nikapanda sitahani kufanya kazi yangu. Kila penye kina tulichagua mahali, tukateremsha mkuki mrefu unaochoma tope na kupima joto lake. Bwana Minobe, mtafiti mwenzangu, alishikwa na ugonjwa wa bahari tangu bandari ya kwanza. Wiki tano sikumwona uso, nilimwona mgongo tu, kwenye ukingo wa meli.

Kuokota mawe hufanywa kwa ndoo kubwa ya chuma yenye meno, inayoburutwa chini kwa waya. Siku ya kumi na moja tuliiteremsha kwenye ule mwinuko mkubwa wa sakafuni, katikati ya bahari. Serahangi, mkuu wa mabaharia, mzee mmoja aitwaye Onodera, alishika waya kwa kiganja ili asikie ndoo inavyokwaruza.

"Imeuma," akasema.

"Imeuma nini?" nikamuuliza.

"Dada, mimi kazi yangu ni kuvuta. Majina mtayapa nyinyi."

Ilipofika juu tukamwaga. Graniti, baba mdogo. Graniti nyeupe yenye madoa, kama ile uliyonifundisha kuipasua kwa nyundo nyuma ya shule nikiwa na miaka tisa. Nilikukumbuka hadi ikabidi nigeuke nitazame maji.

Kipande kimoja nimekiweka kwenye kifurushi hiki, kwa ruhusa. Ni chako.

Baadaye tulishuka kwenye bonde lenyewe, penye kina kirefu zaidi, na huko pia ndoo ilileta kitu. Kimo kwenye mfuko wa pili, ambao nimebaki nao. Mawe ya mfuko huo hayafai kwa sanduku la kioo.

Mwanao,
Tomoe


Ushizu, 5 Oktoba 1972

Mwanangu mpendwa Tomoe,

Kifurushi kilifika Jumatano ya wiki iliyopita saa nne, na kufikia saa sita mji mzima ulikuwa umekigusa. Mama yako mdogo alikiweka kwenye sinia la wageni. Mzee Hamaguchi alikiramba, akathibitisha. Gazeti la mkoa limeandika: "Binti wa Ushizu Athibitisha Bara Lililozama." Wameweka picha yangu nimekishika. Macho nimefumba, lakini jiwe limetoka vizuri.

Mchonga mawe ameshaanza kazi. Mwoka mikate wa karibu na stesheni anatengeneza andazi liitwalo "Bara", ambalo katikati limebonyea. Mkuu wa mji anataka uje uhutubie siku ya uzinduzi. Nimemkubalia kwa niaba yako.

Tomoe, sikuwahi kukwambia, lakini walimu wenzangu wa mjini walikuwa wakiniita Mzee wa Kuzama. Kwenye mikutano ya mkoa nikisimama kuzungumza, watu walikuwa wakienda kuvuta sigara. Wiki hii wawili kati yao wamenipigia simu.

Mfuko wa pili unaoutaja hauna haja ya kutusumbua.

Bwana Tsubokawa amemwoa binti wa mwenye duka la majembe. Nilidhani utapenda kujua.

Baba yako mdogo mwenye furaha,
Ryozo


Tokyo, 28 Januari 1973

Baba mdogo,

Heri ya mwaka mpya, kwa kuchelewa. Asanteni kwa samaki wa buri mliyemtuma. Nimemla siku nne, na mifupa nikaifanya supu. Nimesikia redioni kwamba theluji kwenu imefika kwenye madirisha. Tafadhali usipande juu ya paa kuiondoa, mwite fundi.

Barua yako ya Oktoba nimeijibu mara sita na kuchana mara sita. Hii ya saba nitaituma.

Mfuko wa pili ulikuwa na basalti, lile jiwe jeusi la volkano. Ndani ya sanduku hili nimekuwekea kipande. Kiangalie upande wa kushoto, pana ngozi nyembamba ya kioo. Unajua kuliko mimi maana yake: jiwe hili lilikuwa uji wa moto, likapanda kupitia ufa, likakutana na maji baridi ghafla. Lilizaliwa palepale chini ya maji. Halijawahi kuwa nchi kavu hata siku moja. Na sakafu ya bonde ina joto jingi mno, imekuwa na joto kila tulipochoma mkuki. Bara kuukuu lililozama lisingekuwa na joto hilo. Ganda lenyewe ni jembamba, tumelipima kwa mawimbi ya sauti.

Bahari yetu haikuzama, baba mdogo. Ilifunguka. Visiwa vyetu vilikuwa ukingo wa bara, vikachanika na kusogea, na ule uwazi ukajazwa na basalti mpya. Ile graniti ya mwinuko ni kipande cha bara kilichobaki nyuma katikati ya mpasuko, kama uzi unavyobaki ukichana nguo. Nilijua tangu siku ile ndoo ilipopanda. Nilikupa jiwe lililokufurahisha, nikanyamazia jingine. Sikusema uongo, lakini wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba anayeonyesha nusu ya sampuli ni mwizi.

Na huku pia mambo si mazuri. Septemba Profesa aliniambia niifungie basalti kwenye droo, kwa sababu mwenyekiti wa chama chake ni mtu wa kuzama kama wewe. Desemba wakaja wageni kutoka ng'ambo, wanaoamini mabamba. Profesa akafungua droo mbele yao, akasema, "Kama nilivyoshikilia siku zote." Sasa makala inaandaliwa, itatoka Juni. Jina la kwanza ni lake. La pili ni Bwana Nagumo, aliyebaki ofisini kulinda simu. La tatu ni Bwana Minobe. Mimi nimo mwishoni, kwenye shukrani, "kwa kuchora ramani nadhifu".

Sikuandikii ili unihurumie. Nakuomba usimamishe mchonga mawe kabla hajamaliza.

Mwanao, kama bado,
Tomoe


Tokyo, 10 Machi 1973

Baba mdogo,

Sijapata jibu, nadhani theluji imechelewesha posta. Je, sanduku lilifika? Mama mdogo hajambo? Hata kama hutaki kuandika, mwambie yeye aniandikie mstari mmoja kwamba hukupanda juu ya paa.

Tomoe


Ushizu, 16 Aprili 1973

Mwanangu Tomoe,

Nilipanda juu ya paa. Sikuanguka.

Sanduku lilifika tarehe mbili Februari. Siku ya kwanza nililiweka kabatini. Siku ya pili nilikwenda shuleni kuazima darubini ileile ya zamani, nikakata kipande, nikakisugua hadi mwanga ukapita. Nilifanya hivyo vipande vitano, maana nilitaka kimoja kati yao kiniokoe. Kioo kilikuwa kioo.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Mwaka wa 1969 mwanafunzi wangu wa zamani alinitumia makala ya Kiingereza kuhusu sakafu za bahari kufunguka. Niliisoma kwa kamusi, wiki tatu. Niliielewa. Kisha nikaiweka chini ya pipa la figili za chumvi. Nilijiambia ni kwa sababu pipa lilikuwa likiyumba. Nilipokiri kwa Fumi mwezi wa pili, hakushangaa. "Nilijua kuna kitu humo," akasema. "Miaka minne kila nikikutuma figili unaniambia umeshiba."

Basi sikuwa mjinga, Tomoe. Nilikuwa mwoga. Ukiwa mjinga, ukielezwa unapona. Nilikuwa nikiwafikiria wale watoto wote, zaidi ya elfu mbili, niliowaandikisha bara lililozama na kuwawekea alama ya vema.

Nilikwenda kwa mkuu wa mji.

"Mwalimu," akasema, "jiwe limeshachongwa. Ukweli ungekuja mapema kidogo ungepata nafasi."

"Basi tulifute," nikasema.

"Baraza lilipitisha kwamba bara lilizama. Ili tufute, baraza lipitishe kwamba halikuzama."

Walikaa siku nzima. Mjumbe wa wavuvi aliuliza, kama bahari ilifunguka, itaendelea kufunguka, na je samaki watahamia upande wa kule. Mjumbe mwingine akauliza nani aliifungua na kama alikuwa na kibali. Mwoka mikate akalalamika kwamba andazi lake limeshazoeleka. Mwisho walifikia mwafaka: maneno yabaki, ila kitendo kile kimoja kikwanguliwe. Sasa jiwe linasomeka hivi: "Hapa palikuwa nchi kavu. Bara lika, bahari ikazaliwa." Juzi mtu amejaza pengo kwa chaki: "likachoka". Nimesimama mbele yake nikaona si uongo mkubwa kuliko wangu, nikaliacha.

Kuna jambo jingine, na hili huenda usilipende. Unajua chama chetu hutoa jarida, nakala arobaini na mbili, za kuchapwa kwa mashine ya mkono. Toleo la tarehe moja Machi lina kurasa nane, na zote nane ni barua yako ya Januari, neno kwa neno, kwa jina lako, pamoja na michoro ya vipande vyangu vitano. Nimeondoa sehemu inayomtaja Profesa Wakatsuki, kwa sababu ya adabu, na sehemu inayonitaja mimi, kwa sababu ya aibu. Sikukuomba ruhusa. Ningekuomba ungekataa. Nakala mbili nimepeleka maktaba ya taifa, kama sheria inavyotaka, na moja kwa chuo chenu, kama tunavyofanya kila toleo, ingawa hakuna aliyewahi kutushukuru.

Nilijiuzulu uenyekiti. Wakapiga kura kunichagua tena, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye ufunguo wa chumba.

Ryozo


Tokyo, 9 Mei 1973

Baba mdogo,

Nimefurahi kusikia hukuanguka. Msalimie mama mdogo, na nimecheka sana habari ya figili, mpaka jirani akagonga ukuta.

Jarida lenu limesomwa. Mmoja wa wale wageni wa ng'ambo amewaandikia wahariri wa makala ya Profesa kuuliza ni nani Kuze wa Ushizu aliyetangulia kuchapisha matokeo hayohayo miezi mitatu kabla. Profesa aliniita.

"Huyu Kuze Ryozo, mwenyekiti wa chama hicho, ni nani?"

"Ni baba yangu mdogo."

"Ni mtaalamu wa mabamba?"

"Hapana, Profesa. Ni mpinzani mkubwa wa mabamba hapa nchini."

Akatazama dirishani. Kisha akasema anapenda sana mkoa wetu na angependa kuutembelea. Nadhani atakuja kwako. Mkataba wangu unaisha Juni, na mwenye kuutia sahihi ni yeye. Sikuambii ufanye nini. Mimi mwenyewe sijui ningetaka ufanye nini, na usingizi umenipotea.

Tomoe


Ushizu, 27 Mei 1973

Mwanangu Tomoe,

Mashamba ya mpunga yamejaa maji na vyura hawatuachi tusikilizane. Goti la Fumi ni lilelile. Mgeni wako alifika Alhamisi kwa treni ya asubuhi.

Alikuja na boksi la peremende za Tokyo, limefungwa karatasi tatu. Alipiga magoti kwenye mkeka, akasifu bustani, akasifu chai, akasifu jarida. Alikuwa anakaribia kumsifu paka nikamuuliza kilichomleta.

"Ni jambo dogo, Mwalimu," akasema. "Tarehe. Toleo lenu limeandikwa Machi. Majarida madogo huchelewa, kila mtu anajua. Ingeweza kuwa ni Agosti."

"Lilitoka Machi."

"Naam, naam. Lakini mkitoa tangazo dogo la masahihisho, kwamba ni kosa la uchapaji, nani ataumia?"

Akaweka kikombe chini.

"Tomoe ni binti mwenye bidii. Nafasi yake chuoni nimeilinda kwa moyo wangu wote. Ningependa niendelee kuilinda."

Mwanangu, hapo niliogopa. Niliwaza nimekuharibia maisha mara mbili, mara ya kwanza kwa kukufundisha uongo, ya pili kwa kuchapisha ukweli. Nilikuwa karibu kumwambia alete kalamu.

Fumi ndiye aliyesema, akimwongezea chai. "Bwana Profesa, mume wangu huyu, siku moja nilimwambia mgeni kwamba tulioana Jumanne. Ilikuwa Jumatano. Ni miaka ishirini na sita sasa, bado ananisahihisha."

Profesa akacheka kidogo. Mimi sikucheka, ila hofu ilinitoka. Nikamwambia, "Profesa, kuhusu bahari nimekosea miaka thelathini na moja, na mji mzima ni shahidi wangu. Kuhusu tarehe sijakosea hata siku moja. Ukitaka tangazo, nitatoa. Nitaandika kwamba Profesa Wakatsuki alikuja nyumbani kwangu tarehe ishirini na nne Mei, treni ya saa tatu na dakika kumi, kuniomba Machi iwe Agosti. Nakala arobaini na mbili."

Akaomba aonyeshwe njia ya stesheni. Peremende ameziacha. Fumi anasema ni nzuri, mimi sijaonja.

Sijui nimekusaidia au nimekuzika. Kama wakikufukuza, chumba chako kiko vilevile.

Baba yako mdogo,
Ryozo


Tokyo, 30 Juni 1973

Baba mdogo,

Shikamoo. Joto limeanza, na mimi ni mzima. Mshukuru mama mdogo kwa Jumatano yake.

Profesa aliporudi alikaa wiki mbili bila kunisemesha. Chai nilimchemshia, akawa anakunywa akiangalia ukuta. Jumatatu nilikuta karatasi za mwisho za makala mezani kwangu, zimeletwa nisahihishe. Majina yalikuwa manne. Pembeni aliandika kwa mkono wake kwamba, baada ya kutafakari kwa kina, ameona utaratibu wa haki na wa kisasa zaidi ni kupanga majina kwa herufi. Kwa hiyo ni Kuze, Minobe, Nagumo, Wakatsuki. Na kwenye orodha ya marejeo, la kumi na saba, limo jarida la Chama cha Jiolojia cha Ushizu, Machi 1973.

Mkataba ameutia sahihi, wa mwaka mmoja. Jioni hiyohiyo nilimsikia kwenye simu akimweleza mtu kwamba siku zote amekuwa mtu wa kuwapa vijana nafasi. Sikutoka kumbishia. Ila chai siichemshi tena. Nimemwambia, akashtuka kuliko alivyoshtushwa na basalti.

Kazi inayofuata ni kujua bahari ilifunguka lini na kwa upande gani ilianza kuchanika. Nina wazo, lakini lina tundu mahali fulani na silioni. Nimewaonyesha wenzangu, na wote wamesema ni zuri sana. Huku sasa kila mtu anaamini mabamba. Walioyacheka mwaka jana ndio wanaoyafundisha mwaka huu, na hakuna hata mmoja anayeniuliza swali.

Nitakuja Jumamosi ijayo, nitakaa siku kumi. Naleta hesabu zote. Nahitaji mtu asiyeniamini.

Mwanao,
Tomoe